Maji Hayajapata Habari

Mguu wangu hauingii chumba cha mvuke.
Gundi yake haipendi joto, alisema fundi,
basi nauvua nje, tunapobadilishia nguo,
nausimamisha kando ya benchi la msonobari
na soksi yake, na kiatu chake, kamba zimefungwa,
kama mgeni aliyewahi mno
akakuta mwenyeji hajarudi.

Majira ya baridi ya kwanza, wanawake wa Lieksa
waliutazama ukuta. Ukuta ule
haujapata kutazamwa kwa adabu kama ile.
Aune akazungumzia theluji.
Kerttu naye akazungumzia theluji.
Theluji yenyewe ingekuwamo ndani ingeona haya.

Ni Oiva, mjukuu wa Kerttu, miaka mitano,
aliyeuliza: "Hausikii baridi, ukingoja peke yake?"
Akavua kofia yake ya sufu, nyekundu, yenye shada,
akauvalisha pale juu panapoingia paja.
Tukacheka hata Aune akashika mbavu,
na tangu siku hiyo ukuta umepumzika.

Msumeno wa kiwanda haukuwa na kinyongo nami.
Nilichoka, gogo likateleza, ilikuwa Alhamisi.
Miezi minne nilihesabu vigae vya dari ya hospitali,
mia mbili na sita, kimoja kina ufa,
na kila aliyekuja kunijulia hali alininong'oneza
kana kwamba nimekatwa masikio.

Hujafa hujaumbika: husemwa kwa kutikisa kichwa.
Changu nakitikisa upande mwingine.
Sijafa, basi bado naumbwa.
Mara ya kwanza sikuulizwa.
Mara ya pili niliumbwa na Pentti, fundi wa Joensuu,
vidole vinanuka gundi na kahawa,
akipima, akikosea, akitukana kidogo, akipima tena.
Goti la kwanza lililia kama bawaba.
La pili liliniangusha mbele ya benki,
mchana, watu wamejaa.
Hili la tatu tunaishi nalo
kama ndoa ya uzeeni: hatuulizani mengi.

Msiniite shujaa.
Shujaa hasahau kununua maziwa.
Napasua kuni nimekaa juu ya kigogo kifupi,
na kuni hazijui tofauti.
Kiangazi napiga makasia mpaka ng'ambo,
nauacha mguu mashuani, natambaa msituni
kuchuma beri za buluu. Beri ziko chini;
nyinyi wenye miguu miwili mnaziinamia mkilalamika mgongo,
mimi nimeshafika.

Zipo siku kigutu kinavimba, mguu unakataa kuvalika,
nashinda kitandani nikigombana na redio.
Siku hizo nazo ni zangu. Sizigawi.

Lakini njooni Jumamosi, saa kumi, giza limeshatua.
Tunatoka kwenye mvuke, ngozi zinafuka,
nashika magongo yangu yenye meno ya chuma,
hatua ishirini na mbili juu ya barafu
hadi tundu tulilolitoboa ziwani.
Ngazi ya mbao. Maji meusi. Digrii moja.
Nashuka kwa mikono, kwa pumzi,
kwa tusi moja fupi nililorithi kwa baba.

Na hapo, jambo ambalo sijamwambia daktari,
baridi inanipanda miguu yote miwili.
Vidole vitano visivyokuwapo duniani,
vilivyoniwasha usiku kucha nikikuna godoro,
vinajikunja, vinauma, vinatulia.
Sekunde ishirini, labda thelathini.
Si kwamba kimerudi kitu.
Ni maji tu, hayajapata habari,
nami sina haraka ya kuyapasha.

"Hilkka!" Aune anaita toka mlangoni,
taulo kiunoni, kofia nyekundu kichwani
aliyouibia mguu wangu.
"Hilkka, toka humo, soseji zinaungua!"